Jike la mwisho: kisa cha paka wa soko moja la Dodoma

Ubaoni, kwenye ofisi ya kamati ya soko, paliandikwa kwa chaki: "Ajenda 3: Paka 200." Nikauliza ni nani aliyewahesabu. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Bwana mifugo, hao hawahesabiki. Tupa kichwa kimoja cha samaki uone, wanakuja kama kumbikumbi."

Mimi ni mstaafu wa kazi ya mifugo na naishi mtaa wa pili kutoka sokoni, ndiyo maana niliitwa. Kikao kile kilikaa mwezi Mei. Kisa chote kimekula mwaka mmoja na nusu, na nakieleza kwa urefu kwa sababu kilichotufundisha zaidi ni pale tulipoharibu. Mzunguko wa kwanza tuliufanya kwa kufuata maelekezo yote, tukapigiwa makofi, na miezi sita baadaye soko likawa na paka wengi kuliko mwanzo.

Soko lenyewe silitaji. Ni la kata, upande wa mashariki mwa jiji, na kila mkazi wa Dodoma analijua la aina yake: mbele nguo za mtumba na vyombo vya plastiki, katikati mbogamboga, kulia bucha nne na mabanda ya mama lishe, kushoto dagaa na samaki wakavu, nyuma maghala ya nafaka, na nyuma zaidi kontena la taka ambalo gari lake huja siku likipenda. Mji huu umekua ghafla. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa 2016 na manispaa kupandishwa kuwa jiji 2018, vibanda vimeongezeka kila kona, na sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya jiji. Palipo na watu wengi pana mabaki mengi, na penye mabaki paka hahitaji kualikwa.

Wale paka walikuwa wa namna mbili, na tofauti hiyo ni muhimu. Wapo waliozoea watu, waliolelewa nyumbani kisha wakaachwa. Hao unawashika, unawapa jina. Na wapo waliozaliwa chini ya magunia na hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Ukimsogelea mmoja wao hakulilii, anakupulizia na kukukunjia mgongo, kisha hayupo. Madume yao makubwa ndiyo yale yanayoitwa paka shume, yenye mashavu mapana na masikio yaliyochanika kwa vita.

Kikao kiligawanyika sehemu tatu. Wauza dagaa walitaka paka waondolewe wote, kwa njia yoyote, kwa sababu usiku hupanda juu ya vichanja na kukojolea mali, na dagaa aliyekojolewa na dume huwezi kumuuza hata kwa bure. Wenye maghala walikataa katakata: bila paka, panya watamaliza karanga. Wenye bucha walikaa kimya. Bucha zao zina milango ya wavu, na ugomvi wa wengine hauwahusu.

Mzee mmoja wa nafaka akakumbusha habari ya sumu. Miaka miwili kabla, mtu ambaye hakujulikana alichanganya sumu na utumbo wa samaki na kuusambaza usiku. Asubuhi walikuta paka kumi na kitu wamekauka, mbwa wa mlinzi amekufa, na kuku watatu wa nyumba ya jirani hoi. Mwewe mmoja alionekana ameanguka juu ya bati. Kwa wiki chache soko lilikuwa kimya. Kisha wakaingia paka wengine kutoka mtaa wa jirani na kule kwenye kontena, vijana wenye nguvu, na kabla ya mwaka kwisha hali ikarudi ilivyokuwa. Chakula hakikuwa kimeondoka, walaji tu ndio waliobadilika. Niliwaambia pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili wa namna ile, ingawa nakiri kwamba kilichowagusa zaidi ni kuku.

Nikapendekeza njia nyingine: tuwakamate, daktari awahasi madume na kuwafunga uzazi majike, wachanjwe kichaa cha mbwa, wawekwe alama sikioni, kisha warudishwe palepale walipotoka. Neno "warudishwe" liliamsha ghasia. "Yaani tuwakamate, tugharamie, halafu tuwarudishe?" aliuliza mama mmoja wa dagaa, na sura yake nitaitaja tena kwa sababu bila yeye kisa hiki kisingekuwa na mwisho wowote. Nikamjibu kwamba paka aliyefungwa uzazi analinda kijiwe chake, hamruhusu mgeni kirahisi, na hazai. Dume aliyehasiwa hupunguza kupiga kelele, kupigana na kukojolea vitu. Akasema, "Haya mwanangu, tuone huo mkojo." Ananizidi umri, na alipoamua kuniita mwanangu nikajua amenipa nafasi moja tu.

Mzunguko wa kwanza

Paka ni mwepesi wa kuzaa kuliko watu wanavyodhani. Jike hushika mimba akiwa na miezi mitano hivi, wakati mwingine minne. Mimba huchukua siku 63 hadi 65. Yai lake halitoki kwa kalenda, hutoka kwa kupandwa, kwa hiyo dume likimfikia katika joto lake mimba haikosi mara nyingi. Anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Kule Ulaya mchana mfupi wa baridi humpumzisha, lakini Dodoma tupo nyuzi sita tu kusini mwa ikweta na urefu wa mchana haubadiliki sana, basi jike wa hapa hana likizo.

Tulitengeneza vizimba vitano kwa fundi wa kuchomelea: nondo nyembamba, wavu, na kibao cha kukanyaga kinachoangusha mlango. Mtego wa namna hii una masharti. Chakula sokoni kifichwe siku nzima kabla, ili njaa iwalete. Chambo kiwe na harufu. Tulitumia dagaa wa kukaanga na mafuta yake. Mlango ukishaanguka, kizimba kifunikwe papo hapo kwa kanga au gunia, maana paka akiwa gizani hutulia, akiona watu hujipigiza mpaka atoke damu puani.

Hapo ndipo mzee mmoja, muumini wa msikiti ulio karibu, aliposimama mbele ya vizimba na kutuuliza kama tunamjua yule mwanamke wa hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ale vya ardhini. Tulikuwa na paka saba ndani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula. Nilimweleza kwamba mnyama akilazwa kwa dawa huku tumbo limejaa anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu, ndiyo maana tunamfungisha kwa saa chache. Alisikiliza, akauliza lini watakula, nikamwambia wakizinduka. Alirudi jioni kuhakikisha. Ningependa kila mradi uwe na mzee wa namna hii.

Upasuaji ulifanywa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwenye chumba cha ghala tulichokipaka chokaa. Hapa sitaki mtu adhani ni kazi ya bwana mifugo yeyote mwenye wembe. Dawa za kulaza paka, ketamini na zailazini, hazishikwi ovyo, na kumfunga jike ni kufungua tumbo. Kumhasi dume ni dakika chache. Ncha ya sikio la kushoto hukatwa kwa mnyoofu, kama sentimita moja, paka akiwa bado amelala. Alama hiyo huonekana kwa mbali, na humwokoa jike asipasuliwe mara ya pili bure.

Sikio lilituletea uvumi. Siku ya pili ilisemwa kwamba ncha zinapelekwa kwa mganga na kwamba mbunge fulani amezinunua. Dodoma kila kitu huishia kwa mbunge fulani. Daktari akaziweka ncha zote kwenye chupa ya glasi, akamwita mwenyekiti wa soko na watu waliokuwa karibu, akazimwagia mafuta ya taa na kuzichoma mbele yao. Uvumi ukafa jioni ileile.

Makosa mawili ya mzunguko huo ni ya kwangu. Ulikuwa mwezi Julai, na anayejua Julai ya Dodoma anajua upepo wake wa usiku. Paka aliyelazwa kwa dawa hawezi kujipasha joto. Tuliwapanga kwenye sakafu ya saruji, kizimba kwa kizimba, tukafunga mlango tukijisifu. Asubuhi jike mmoja mdogo wa rangi ya mchanga alikuwa amekufa. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho nilete magunia ya kutandika na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye khanga. Tulifanya hivyo kila usiku tangu siku hiyo na hatukupoteza mwingine.

Kosa la pili: sikumsimamia vizuri kijana mbeba mizigo aliyejitolea kusaidia. Aliingiza mkono kwenye kizimba kurekebisha gunia, akang'atwa kidole. Tulimpeleka bombani, akaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mimi nikishika saa, kisha akaenda kituo cha afya kuanza sindano za kichaa. Paka yule tulimweka chini ya uangalizi siku 10, kama inavyotakiwa kwa mbwa na paka aliyeng'ata. Alibaki mzima. Binadamu wengi sana wanaokufa kwa kichaa huambukizwa na mbwa, lakini paka pia hubeba, na kwa ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hauna tiba, hakuna cha kubahatisha. Tangu siku ile mkono wa mtu hauingii kizimbani. Kama gunia limekaa vibaya, linakaa vibaya.

Tulikamata paka 22 kwa siku nne. Kamati ikatupa soda. Kwenye hesabu yetu ya usiku kwa tochi tulikuwa tumeona paka 31, kwa hiyo nilisimama kwenye kikao na kutangaza kwamba tumekwisha wafikia zaidi ya theluthi mbili.

Mvua ilipofika

Mvua za Dodoma huanza Desemba. Januari, mwenye ghala la alizeti alihamisha magunia na kukuta vichanga vinne. Kesho yake, watano kwenye boksi la sabuni. Wiki mbili baadaye soko lilikuwa na vitoto kumi na tisa tulivyoviona kwa macho, kutoka majike sita. Kijana mmoja wa mtumba aliniambia mbele za watu, "Mzee, mradi wako umezaa."

Nilikaa nyumbani siku mbili nikitafuta pa kujificha. Siku ya tatu nikaenda kwa mama wa dagaa. Alikuwa ameketi juu ya kigoda chake akichagua mchanga kutoka kwenye dagaa, na hakuacha kazi kwa ajili yangu. Nikamuuliza anadhani sokoni kuna paka wangapi. Akaanza kuwataja. Siyo kwa kukisia. Kwa majina. Kilema, Soksi, Mwizi, Bi Arusi, Majivu, mabinti watatu wa Majivu, yule wa kwa mama lishe asiyekula dagaa ila nyama tu, na dume kubwa la kahawia aitwaye Mheshimiwa kwa sababu huonekana Bunge likikaa, mama lishe wanapopika zaidi, kisha hupotea. Nilichukua daftari la mjukuu wake na kuandika. Saa nzima. Alipomaliza walikuwa 46, bila kuhesabu vichanga: majike 27, madume 19.

Kumbe mimi nilihesabu wanaopenda tochi. Yeye alihesabu kutoka saa kumi na moja alfajiri anapofungua hadi magharibi, kila siku, kwa miaka tisa, bila kujua kwamba anahesabu.

Tukaweka tiki kwa wenye sikio lililokatwa. Walikuwa 21 baada ya kumtoa yule aliyekufa. Kati yao madume 14, majike saba. Na hapo kisa chote kikafunguka. Kwa jumla tulikuwa tumefikia kama nusu ya paka, lakini kwa majike tulikuwa na robo tu. Dume ni mzururaji, jeuri na mroho, ndiye anayeingia kizimbani kwanza. Jike mzoefu, aliyekwisha zaa mara tatu na kuona sumu ikiwaua wenzake, hukaa pembeni akitazama mlango ukiwaangukia wengine. Akiona mara moja imetosha. Wale tuliowakamata kwa urahisi hawakuwa tatizo la soko. Na madume matano yaliyobaki mazima, ukimjumlisha Mheshimiwa na safari zake, yalitosha kabisa kwa majike ishirini.

Kuna jambo la pili ambalo sikulitarajia. Madume yaliyohasiwa yalipunguza vita, na chakula kilibaki kilekile. Kwa kawaida vitoto vya paka wa mitaani hufa sana. Utafiti mmoja uliofanywa North Carolina na kuchapishwa 2004 ulikuta robo tatu walikufa au kutoweka kabla ya miezi sita. Vya kwetu mwaka ule naamini vilipata nafuu kwa sababu mama zao walikula kwa utulivu. Tuliwarahisishia malezi majike tuliowakosa.

Nilikuwa nimesoma, na sikuzingatia, hesabu zilizochapishwa 2005 kutokana na kaunti mbili za Marekani, San Diego na Alachua. Zilionyesha kwamba idadi ya paka haianzi kushuka mpaka kati ya 71 na 94 kwa kila mia wawe hawazai, tena pasipo wageni kuingia. Nilipotangaza theluthi mbili nilikuwa nimesimama chini ya kizingiti hata kama hesabu yangu ingekuwa sahihi.

Tenga

Mzunguko wa pili haukuwa wa siku nne. Ulichukua wiki kumi, Februari mpaka Aprili, paka mmoja mmoja, kwa orodha. Vizimba havikufaa tena maana majike yote yaliyobaki yalivijua. Jawabu lilitoka kwa watoto. Wajukuu wa yule mama hukamata njiwa kwa tenga lililoegemezwa kwenye kijiti chenye kamba: njiwa akiingia kula, mtoto anavuta. Tulitafuta tenga kubwa la kubebea kuku, tukalizungushia wavu, tukaliweka kwenye njia wanayopita, tukawalisha chini yake siku tano bila kuvuta. Siku ya sita nilikaa mita kumi na tano na kamba mkononi, na mama wa dagaa akiwa nyuma yangu akinong'ona: "Huyo acha, dume. Huyo amekatwa. Subiri... subiri... huyo."

Uzuri wa tenga ni kuchagua. Kizimba kinamkamata aliyejileta, tenga linamkamata unayemtaka. Ukimtambua jike kwa mbali kazi ni nusu. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na wale wa rangi ya chungwa wengi wao ni madume. Wengine ilibidi tumtegemee mama.

Wanaonyonyesha walitutia wasiwasi. Daktari aliwapasua ubavuni badala ya chini ya tumbo, kwa sababu matiti yaliyojaa maziwa hayapaswi kuguswa na kisu, na kidonda cha ubavuni unaweza kukikagua kwa macho paka akipita. Nyuzi zilikuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Nani atamkamata tena kutoa nyuzi? Mama anayenyonyesha alirudishwa mara alipozinduka vizuri, vitoto visilale njaa. Vitoto vilivyokuwa bado wadogo, chini ya wiki saba au nane hivi, bado vinazoeshwa na mtu. Tisa tuliviondoa vilipoanza kula na kupata nyumba, vitatu kati yao kwa wenye bucha waliokaa kimya kwenye kikao.

Mwishoni mwa Aprili majike 23 kati ya 27 walikuwa wamefungwa. Mmoja wa waliobaki aligongwa na bajaji. Wawili walipatikana Juni, kwa subira tu. Akabaki Majivu.

Kuhusu panya

Lazima niseme ukweli ambao wenye maghala hawakuupenda. Paka hapunguzi panya kama watu wanavyoamini. Watafiti waliofunga kamera kwenye kiwanda cha kuchakata taka Brooklyn, New York, walichapisha 2018 kwamba kwa siku 79 paka waliua panya wawili tu. Panya mkubwa ana meno na hasira, na paka mwenye kichwa cha sangara mbele yake hana sababu ya kugombana naye. Kilichotokea pale ni kwamba panya walijificha zaidi paka walipokuwepo, hivyo mtu anadhani wamekwisha. Kwetu niliona vilevile: paka walikuwa 46 na karanga zilitobolewa. Zilizosaidia ni vichanja vya mbao kuinua magunia, bati kuziba chini ya milango, na kuzoa yaliyomwagika kabla ya kufunga. Mzee wa nafaka alinijibu, "Sawa, lakini paka abaki." Nikamwachia.

Jambo jingine la afya nililoulizwa na mama mjamzito wa mbogamboga ni vimelea vya kinyesi cha paka, toksoplazima. Nilimweleza kwamba paka huvitoa hasa mara ya kwanza anapoambukizwa, kwa wiki moja hadi tatu, na mara nyingi akiwa mdogo. Kwa hiyo soko lenye paka wazima wachache wasiozaa lina hatari ndogo kuliko lenye vitoto vipya kila mwezi. Hata hivyo mchicha uoshwe vizuri, na mchanga wa bustani usishikwe kwa mikono mitupu.

Na wenye mashamba pembezoni mwa mji wana sababu yao ya kuunga mkono kazi hii, ingawa hawajui. Huku katikati ya nchi bado tuna kimburu, paka-pori wa kweli, ambaye paka wote wa nyumbani duniani wametokana na ndugu zake. Madume yetu ya mtaani huzaa nao, na damu ya kimburu inazidi kuchanganyika.

Hesabu ya sasa

Nimemaliza kuhesabu wiki iliyopita, safari hii nikiwa na daftari na mama, na tochi nikaiacha nyumbani. Paka ni 41. Aliyetarajia soko tupu atakasirika. Kutoka 46 mpaka 41 si habari ya kupigiwa ngoma. Lakini tangu Mei vitoto vilivyozaliwa ndani ya soko ni vya matumbo mawili tu, yote ya Majivu. Dagaa hawajakojolewa tangu Julai, au angalau mama hajalalamika, na kwake hayo ni mamoja.

Kinachonikosesha usingizi sasa kiko getini. Katika kipindi hichohicho mlinzi ameandika vitoto kumi na mmoja walioletwa na watu usiku kwa boksi, kiroba, na mara moja kwa ndoo yenye mfuniko. Habari zimeenea kwamba soko letu "linapokea paka", kwa hiyo jirani ambaye paka wake amezaa anaona ametenda wema. Waliotupwa wamewapita waliozaliwa. Roma walipita hapohapo: sheria ya Italia ya 1991 inawalinda paka wasio na mwenyewe, na kwa miaka kumi walifunga uzazi paka karibu 8,000. Makundi mengi yalipungua kwa 16 hadi 32 kwa kila mia, lakini watafiti wakakuta wageni, wakiwemo wa kutupwa, wanafikia kama 21 kwa kila mia. Maji yanatolewa kwa ndoo huku bomba liko wazi.

Tumepatana na mwenyekiti wa mtaa kwamba siku moja kila mwezi daktari atafunga uzazi paka wa majumbani kwa bei ya dawa tu, mwenye paka amlete mwenyewe kwenye tenga. Mwezi wa kwanza waliletwa wanne. Wa pili, tisa. Miongoni mwa tisa hao alikuwepo mama mmoja aliyeinama sana alipomwona mlinzi, na mlinzi, ambaye anaitambua ile ndoo yenye mfuniko, hakusema kitu.

Majivu bado. Ni mdogo, wa rangi ya jiko lililozimika, sikio lake la kushoto zima kabisa. Haingii kwenye tenga, hali chakula chochote kilichowekwa mahali ambapo jana hakikuwepo, na analala juu ya dari ya ghala la uwele ambako hakuna ngazi. Mama wa dagaa anasema amenenepa tena ubavuni. Jumamosi tunapandisha kizimba darini, tunakifungua pande zote mbili na kukiacha bila mtego kwa wiki tatu, na mama ameshakubali kuchagua dagaa wa chambo yeye mwenyewe, wasio na mchanga.